Kutoka Kelvini hadi Rankini: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Halijoto za Skeli Halisi

Mwanafunzi wa fizikia hapa Uganda anaweza kusoma mpaka S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, akafanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, na kufaulu vizuri, bila kukutana na Rankini hata siku moja. Shuleni ni Selsiasi na Kelvini, basi. Kisha anaingia chuo cha mafuta pale Kigumba, au uhandisi Makerere, anafungua kitabu kilichochapwa Marekani, na sura ya gesi inamwambia kwamba T, yaani halijoto, iko katika °R, ambayo ndiyo Rankini. Hapo wengi hukimbilia kikokotozi cha mtandaoni, wakaandika namba iliyotoka, na ukiwauliza kama ni sahihi wanakutazama tu.

Jambo lenyewe ni dogo kuliko linavyoonekana. Ukiwa tayari ndani ya skeli halisi, yaani skeli inayoanzia mwisho kabisa wa baridi, kuhamia skeli halisi nyingine ni kuzidisha tu. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Karibu makosa yote ninayoyaona kwenye madaftari yanatokana na mtu kujumlisha pahali pa kuzidisha, au kujumlisha kwenye namba ambayo haikustahili kujumlishwa chochote.

Skeli nne na sifuri zake

Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uppsala nchini Sweden, alipendekeza skeli yake mwaka 1742. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, alikuwa ameshachapisha yake mwaka 1724. Kila mmoja aliweka sifuri pale palipomfaa kwa kazi yake: Fahrenheit kwenye mchanganyiko wa barafu na chumvi, Celsius kwenye maji. (Tena Celsius mwenyewe aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, mpangilio tunaoutumia leo ulipinduliwa baadaye.) Sifuri hizo hazina maana yoyote kwa gesi iliyo ndani ya mtungi. Gesi haijui maji yanaganda lini.

William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa profesa Glasgow alipotoa hoja mwaka 1848 ya kuwa na skeli isiyotegemea tabia ya maji, zebaki wala kitu kingine chochote. Mwaka 1859 mhandisi William John Macquorn Rankine, naye wa chuo kikuu hichohicho cha Glasgow, akatoa skeli inayoanzia mahali palepale lakini yenye hatua za Fahrenheit. Kwa hiyo Kelvini ni Selsiasi iliyoshushiwa sifuri yake hadi chini kabisa, na Rankini ni Farenhaiti iliyofanyiwa vivyo hivyo.

Fikiria magari mawili yanayotoka Kampala kwenda Jinja. Moja linahesabu kilomita, jingine maili, na yote mawili yamewekwa sifuri palepale Kampala. Kilomita 80 ni karibu maili 50, kilomita 40 ni karibu maili 25. Unazidisha au unagawanya tu, popote ulipo njiani. Sasa gari la tatu limewekewa sifuri Mukono. Hilo huwezi kulibadilisha kwa kuzidisha mpaka kwanza uongeze umbali wa Kampala hadi Mukono. Selsiasi na Farenhaiti ni magari ya Mukono.

Hesabu zote zinakaa katika mistari minne:

K = °C + 273.15
°R = °F + 459.67
°R = K × 1.8
K = °R ÷ 1.8

Ile 1.8 imetoka wapi? Kutoka barafu kuyeyuka hadi maji kuchemka kwenye presha ya usawa wa bahari, Selsiasi inahesabu hatua 100 na Farenhaiti inahesabu 180, kutoka 32 hadi 212. Hatua moja ya Kelvini ni kubwa kama hatua 1.8 za Rankini. Ndiyo maana namba ya Rankini huwa kubwa siku zote kuliko ya Kelvini kwa kitu kilekile, isipokuwa kwenye 0, ambapo zote mbili zinasoma sawa.

Sifuri halisi unaweza kuiona mwenyewe maabara

Kabla ya hatua, inafaa kujua kwamba 273.15 haikuokotwa barabarani. Chukua chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, yenye hewa kavu ndani na kipimo cha presha juu. Itumbukize kwenye maji yenye barafu, subiri, soma presha. Kisha itumbukize kwenye maji yanayochemka, subiri, soma tena. Kwenye karatasi ya grafu weka halijoto kwenye mstari wa chini na presha kwenye mstari wa wima, unganisha nukta zako mbili kwa rula, halafu urefushe mstari kwenda kushoto mpaka presha iwe sifuri.

Tuseme barafuni umesoma 88.0 kPa na kwenye maji yanayochemka 118.9 kPa. Kama uko Kampala, usiandike kwamba maji yale yalikuwa 100 °C. Jiji liko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama 88 kPa, na maji yanachemka karibu na 96 °C. Basi presha imepanda 30.9 kPa kwa nyuzi 96, yaani 0.3219 kPa kwa kila digrii. Ukigawanya 88.0 kwa 0.3219 unapata 273.4. Mstari unagusa chini kwenye −273.4 °C, karibu kabisa na namba ya vitabuni. Mwanafunzi aliyeandika 100 badala ya 96 atapata karibu −285, halafu atalaumu chupa.

Jambo jingine linalowasumbua wa A-level: kwa nini vitabu vina 273.15 na 273.16? Ni namba mbili za vitu viwili. 273.15 K ni halijoto ya barafu inayoyeyuka kwenye presha ya kawaida, yaani 0 °C. 273.16 K ni ile hali moja tu ambapo barafu, maji na mvuke vinakaa pamoja kwa utulivu, ambayo ni 0.01 °C. Toka mwaka 1954 kelvini ilifafanuliwa kwa kutumia hali hiyo ya pili, ndiyo maana katika maswali ya themometa unaandika T = 273.16 × (X ÷ Xₜ), X ikiwa ile sifa unayoipima na Xₜ thamani yake katika hali hiyo. Kuanzia tarehe 20 Mei 2019 ufafanuzi umehama: sasa unategemea konstanti ya Boltzmann, iliyowekwa kuwa 1.380649 × 10⁻²³ J/K kamili. Kwa kazi ya kubadilisha skeli hakuna kilichobadilika. Unapotoka Selsiasi, jumlisha 273.15. Ile 273.16 iache kwenye kanuni yake.

Hatua ya kwanza: uliza kama ni usomaji au tofauti

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoangusha watu. Namba ya halijoto inaweza kuwa usomaji (“maji yako 60 °C”) au tofauti (“maji yamepanda kwa 60 °C”). Kwa usomaji, sifuri ya skeli ina maana, kwa hiyo kuna kujumlisha. Kwa tofauti, sifuri zimekwisha kukatana zenyewe ulipotoa namba moja kwenye nyingine. Unachobadilisha ni ukubwa wa hatua peke yake.

Kwa tofauti, kumbuka hivi: 1 K ni sawa na 1 °C, na ni sawa na 1.8 °R, ambayo ni sawa na 1.8 °F. Hakuna 273 wala 459 popote.

Mfano mzuri uko kwa wataalamu wa kupandikiza ng'ombe mbegu kule Mbarara na Kiruhura. Mbegu za madume huhifadhiwa ndani ya naitrojeni kimiminika, kwenye chombo cha chuma chenye kuta mbili na shingo nyembamba. Mtaalamu akifungua kifuniko, ukungu mweupe unamwagika na kuteremka pembeni ya chombo hadi chini. Anaingiza koleo, anauvuta mrija mmoja mwembamba kama wa kalamu, na bila kuchelewa anautia kwenye maji ya uvuguvugu, tuseme 35 °C. Naitrojeni inachemka kwenye −196 °C ukikadiria kwa namba nzima.

Mbegu zile zimepanda halijoto kwa kiasi gani? 35 − (−196) = 231. Ni 231 °C, na ni 231 K, hivyohivyo bila kugusa. Kwa Rankini, 231 × 1.8 = 415.8 °R. Ukitaka kuhakikisha, pitia njia ndefu: −196 °C ni 77.15 K na 35 °C ni 308.15 K, toa, unapata 231. Lakini mtu aliyejumlisha 273.15 kwenye 231 ataandika kwamba halijoto imepanda kwa 504 K, jambo ambalo lingezichemsha mbegu na mrija wake.

Au chukua daraja jipya la Mto Nile pale Jinja, lenye urefu wa mita 525. Tuseme kila mita inatanuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila kelvini, kiasi ambacho si mbali na chuma wala zege, na kwamba toka alfajiri hadi mchana joto lake limepanda kwa 20 °C. Kutanuka ni 525 × 0.000012 × 20, yaani mita 0.126, sentimita kama 12.6. Anayejumlisha 273.15 kwenye ile 20 atapata mita 1.85. Daraja lililorefuka kwa karibu mita mbili kabla ya chakula cha mchana lingekuwa kwenye habari.

Hatua ya pili: ingia kwanza kwenye skeli halisi iliyo karibu

Kama namba yako ni usomaji na iko katika Selsiasi, nenda Kelvini. Kama iko katika Farenhaiti, nenda Rankini. Usivuke upande kabla ya kufanya hivi. Wengi hukariri kanuni ya Farenhaiti kwenda Selsiasi yenye ile 32, halafu wanaongeza 273.15, halafu wanazidisha, na katikati ya safari mabano yanapotea. Njia ya ndugu wa karibu ni fupi: hatua zinabaki na ukubwa uleule, kwa hiyo ni kujumlisha mara moja tu.

Joto la mwili wa mtu mzima lililoandikwa kwenye themometa za zamani ni 98.6 °F. Jumlisha 459.67, unapata 558.27 °R. Umeshaingia. Vivyo hivyo, 37 °C ukijumlisha 273.15 ni 310.15 K.

Namba hasi zinachanganya. Mwanafunzi mmoja wa S5 aliniuliza, “Mwalimu, −40 °F ukijumlisha inakuwa 499 au 419?” Ni 419.67, kwa sababu −40 + 459.67. Kanuni ni ileile; hasi inabaki na alama yake. Na ukimaliza hatua hii, namba yoyote chini ya sifuri ni ushahidi kwamba umekosea, au aliyekuandikia swali amekosea. Hakuna usomaji wa Kelvini wala Rankini ulio hasi kwa kitu chochote utakachokipima darasani au kazini.

Hatua ya tatu: vuka kwa kuzidisha

Sasa uko kwenye skeli halisi, vuka kwenda nyingine. Kelvini kwenda Rankini unazidisha kwa 1.8, Rankini kwenda Kelvini unagawanya kwa 1.8. Ukipenda sehemu, ni 9/5 na 5/9. Mwelekeo ukikuchanganya, kumbuka kwamba Rankini ndiyo yenye namba kubwa, basi.

Mwili wa mtu tena: 310.15 × 1.8 = 558.27 °R. Ni namba ileile tuliyoipata kupitia Farenhaiti, na hiyo ndiyo njia bora ya kujikagua, kufika mahali pamoja kwa njia mbili.

Bila kikokotozi, 1.8 ni rahisi kichwani: zidisha kwa mbili, kisha punguza sehemu ya kumi ya ulichopata. 300 K: mara mbili ni 600, sehemu ya kumi ni 60, jibu 540 °R. Kurudi, gawanya kwa mbili, kisha ongeza sehemu ya tisa ya ulichopata. 540: nusu ni 270, sehemu ya tisa yake ni 30, jibu 300 K. Mbinu hizi si za kukadiria. Zinatoa jibu kamili.

Ukitoka madukani Kikuubo na boksi la taa ya LED, mara nyingi limeandikwa 6500K ubavuni. Ni Kelvini kweli, ingawa taa yenyewe haina joto hilo: wanataka kusema kwamba mwanga wake una rangi kama ya kitu cheusi kilichopashwa hadi 6500 K. Kwa Rankini hiyo ni 13,000 toa 1,300, yaani 11,700 °R. Sijawahi kuona boksi linaloandika hivyo, na sitarajii. Lakini angalia herufi: maboksi mengine yanaandika “6500k” kwa herufi ndogo, na hiyo ni kilo, si kelvini. Kwenye mtihani andika K kubwa, bila ile duara ya digrii. Alama ya digrii iliondolewa kwenye kelvini mwaka 1967. Rankini bado huandikwa °R, na wengine R tupu, jambo ninaloona ni usumbufu kwa sababu R hiyohiyo ni konstanti ya gesi katika mlinganyo uleule.

Hatua ya nne: shuka, kama umeombwa

Kama jibu linatakiwa katika Farenhaiti, toa 459.67 kwenye Rankini. Kama ni Selsiasi, toa 273.15 kwenye Kelvini. Hapa hapana mengi ya kusema. Dhahabu inayeyuka kwenye 1337.33 K. Vuka: 2407.19 °R. Shuka: 1947.52 °F.

Hizi hapa namba chache za kujipimia, zote za usomaji:

| Kitu | K | °R | °C | °F |
|---|---|---|---|---|
| Sifuri halisi | 0 | 0 | −273.15 | −459.67 |
| Naitrojeni ikichemka | 77.36 | 139.25 | −195.79 | −320.42 |
| Barafu ikiyeyuka | 273.15 | 491.67 | 0 | 32 |
| Mwili wa mtu | 310.15 | 558.27 | 37 | 98.6 |
| Maji yakichemka Kampala | 369.15 | 664.47 | 96 | 204.8 |
| Dhahabu ikiyeyuka | 1337.33 | 2407.19 | 1064.18 | 1947.52 |

Funika safu moja kwa kiganja, itafute kutoka safu nyingine, kisha fungua.

Mahali ambapo kubadilisha si lazima

Mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea una presha halisi ya bar 150 asubuhi, halijoto ikiwa 20 °C. Umeachwa juani nje ya karakana mpaka chuma chake kimefika 45 °C. Presha mpya ni ngapi?

Kwa ujazo usiobadilika, presha inakwenda sambamba na halijoto halisi. 20 °C ni 293.15 K na 45 °C ni 318.15 K. Uwiano ni 1.0853, kwa hiyo presha inakuwa karibu bar 162.8. Ukifanya kwa Rankini, 527.67 na 572.67, uwiano ni uleule 1.0853, kwa sababu ile 1.8 iko juu na chini na inajikata. Basi kama swali ni la uwiano tu, kaa kwenye skeli halisi uliyo nayo. Usipoteze muda kuvuka. Ila usijaribu uwiano ukiwa kwenye Selsiasi: 45 ÷ 20 ni 2.25, na mtungi wako utaonekana kufika bar 337.

Nimesema presha halisi makusudi. Presha nayo ina sifuri mbili. Kipimo kilichofungwa kwenye mtungi kinasoma sifuri wakati hewa ya nje bado inasukuma. Kampala unaongeza kama bar 0.88 kabla ya kuingia kwenye kanuni. Kwa mtungi wa bar 150 hutaona tofauti kubwa. Kwa tairi la boda boda utaona.

Mahali ambapo Rankini inakungoja: mafuta na gesi

Sekta ya mafuta ya ziwa Albert ndiyo iliyoifanya Rankini iwe na maana kwa kijana wa Uganda. Mafuta ya huko yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana EACOP, bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, limebuniwa kuwa la kupashwa moto ili mafuta yabaki juu ya 50 °C. Ripoti zikiandikwa kwa vipimo vya SI, yaani mfumo wa kimataifa, hiyo ni 323.15 K. Mhandisi aliyefundwa kwa vitabu vya Marekani ataandika 122 °F, na kwenye mlinganyo wake ataweka 581.67 °R.

Hapo ndipo konstanti zinapoingia, na ndipo pa kukaa macho. Konstanti ya gesi katika SI ni 8.314 J kwa mole kwa kelvini. Kwa vipimo vya mafuta vya Marekani ni 10.73, yaani psi (paundi kwa inchi ya mraba) mara futi za ujazo, kwa paundi-mole kwa °R. Konstanti na halijoto ni lazima zitoke nyumba moja. Ukitumia 10.73, T ni Rankini. Ukitumia 8.314, T ni Kelvini. Kitabu kikisema “ongeza 460 kwenye Farenhaiti”, usishangae. Wahandisi wa mafuta huikadiria 459.67 kuwa 460 kwa kawaida.

Jipime na hali yao ya kawaida: 60 °F na psi 14.696 za presha halisi. Kwanza 60 + 459.67 = 519.67 °R. Ujazo wa paundi-mole moja ni 10.7316 × 519.67 ÷ 14.696, ambao ni karibu futi za ujazo 379.5. Namba 379.5 utaikuta kwenye vitabu vingi vya gesi. Ukiipata, umeshika njia. Ukisahau kuingia Rankini na kuweka 60 tupu, utapata kama 44, na ukiweka 288.71, ambayo ni Kelvini ya 60 °F, utapata 211. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokupigia kengele kama hujui jibu linatakiwa kukaa wapi.

Konstanti za “kwa kila digrii” zenyewe hubadilika kinyume na usomaji. Halijoto ikitoka Kelvini kwenda Rankini inazidishwa kwa 1.8, kiwango cha “kwa kila kelvini” kikienda “kwa kila rankini” kinagawanywa kwa 1.8, kwa sababu hatua ya Rankini ni ndogo zaidi na hubeba kidogo zaidi. Rudi kwenye daraja la Jinja: sehemu 12 katika milioni kwa kelvini ni sehemu 6.67 kwa rankini. Badiliko la 20 K ni 36 °R. Zidisha 525 × 0.00000667 × 36, unarudi kwenye mita 0.126. Ilibidi iwe hivyo. Daraja halijui umetumia skeli gani.

Mionzi ya joto ndiyo yenye adhabu kali kuliko zote, maana halijoto inapandishwa kwenye kipeo cha nne. Bati jeusi lililopata moto hadi 60 °C, ambayo ni 333.15 K, linaweza kutoa kama wati 698 kwa kila mita ya mraba, ukizidisha halijoto hiyo kwenye kipeo cha nne kwa konstanti ya Stefan-Boltzmann, 5.67 × 10⁻⁸. Ukiweka Rankini kwenye kanuni hiyohiyo, kosa si la mara 1.8 bali la 1.8 mara yenyewe mara nne, karibu 10.5, na bati litaonekana kutoa zaidi ya wati 7,300. Jua lenyewe la saa sita mchana huleta ardhini takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba.

Desimali ngapi?

Shuleni wengi hutumia 273 badala ya 273.15, na kwa maswali mengi inatosha, hasa pale data yenyewe ni namba nzima. 25 °C iliyosomwa kwa themometa ya kawaida ni 298 K, kuandika 298.15 ni kudai kwamba kipimo chako kinaona sehemu za mia za digrii. Kwa kujumlisha, jibu linabaki na desimali za namba yako yenye desimali chache zaidi. Kwa kuzidisha, ile 1.8 ni kamili, haina shaka ndani yake, kwa hiyo haipunguzi tarakimu zako: 298 K ni 536 °R, si 536.4 wala 540. Ila fanya makadirio mwishoni. Anayekata 273.15 kuwa 273 na 459.67 kuwa 460 katika hesabu moja, akivuka kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti, atakuta barafu yake inayeyuka kwenye 31.4 °F.

Ukifanya kazi na orodha ndefu ya vipimo, Excel inakufaa. Weka Kelvini kwenye A2 na andika =A2*9/5, au tumia =CONVERT(A2,"K","Rank"). Kwa Selsiasi ni =CONVERT(A2,"C","Rank"), nayo hujumlisha na kuzidisha yenyewe. CONVERT lakini inachukulia kwamba kila namba ni usomaji. Ukiipa safu ya tofauti za Selsiasi itaongeza 273.15 kwa kila mstari bila kukuuliza, na safu nzima itaonekana safi kabisa. Kwa tofauti tumia =A2*1.8, na juu ya safu andika wazi “tofauti, °R”, ili atakayeifungua faili baada yako asianze kuijumlishia.